Mahindi Yalisafiri Peke Yake

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu sisi tunaojitolea upande wa lishe, wale mnaotuona tukipita nyumba kwa nyumba na kile kitepe cha kupima mkono wa mtoto. Tunaandika juu ya sahani. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Hapa kambini kuna ubishi usioisha. Mkongomani atakuambia chakula cha kwao ni bugali wa muhogo na sombe. Mrundi anasema siku bila maharage hujala. Mnyarwanda anakumbuka viazi vya milimani. Wenyeji wetu Wamalawi, hata ukiwapa wali wakashiba, watasema bado hawajala kwa sababu hawajaiona nsima. Kila mmoja anasema "chakula chetu", chakula cha babu na bibi. Basi tukaamua kufuatilia kila kilichomo chunguni kimetoka wapi.

Kumbe karibu vyote vimetoka ng'ambo ya bahari, Amerika. Mahindi yalilimwa kwanza na watu wa Mexico, maelfu ya miaka iliyopita. Muhogo ni wa Amerika ya Kusini, upande wa Brazili, kwa hiyo na sombe pia, maana sombe ni majani ya muhogo. Maharage haya ya kawaida, ambayo Warundi na Wanyarwanda wako kati ya watu wanaoyala kwa wingi kuliko wote duniani, yalianzia Mexico na milima ya Andes. Viazi mviringo ni vya Andes, upande wa Peru na Bolivia. Karanga, nyanya, pilipili kali, boga, viazi vitamu, papai, avoka, nanasi, pera, vyote ni vya huko huko. Ndugu zetu Waethiopia wana tef, hiyo ni ya kwao kabisa, lakini berbere inayoupa mchuzi wao rangi nyekundu haiwezi kuwa berbere bila pilipili ya Amerika. Wasomali nao, basbaas yao ni pilipili hiyo hiyo.

Wazee wa zamani walikula nini basi? Walikula mtama na ulezi, ambavyo Wamalawi wanaviita mapira na mawere. Walikula kunde, njugu mawe, viazi vikuu. Ndizi na mpunga kwa sehemu kubwa vilitoka Asia.

Safari yenyewe ilianza baada ya mwaka 1492, Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi. Kabla ya hapo hakuna mtu wa Afrika, Ulaya au Asia aliyewahi kuonja nyanya. Wareno ndio waliobeba mbegu nyingi kuja kwetu katika miaka ya 1500, kwanza pwani ya magharibi, kwenye ufalme wa Kongo na Angola, halafu pwani ya mashariki, Msumbiji, Mombasa, Zanzibar. Tusisahau biashara iliyokuwa kwenye meli hizo. Mahindi na muhogo vilikuja na meli zilizorudi na watumwa, na unga wake ukawa chakula cha kuwalisha njiani. Kutoka pwani, mbegu ziliingia bara mkononi mwa watu wa kawaida, jirani akimpa jirani.

Majina nayo yamesahau njia. Sisi tunasema mahindi, kana kwamba yalitoka India. Viazi mviringo tunaviita viazi ulaya. Wamalawi wanaiita avoka "peyala", jina la tunda la Wazungu ambalo ni jingine kabisa. Usidhani ni Waafrika tu: Waitaliano wanayaita mahindi "granoturco", yaani nafaka ya Waturuki. Kila mtu alimtaja yule aliyemletea, au aliyedhani ndiye aliyemletea. Ila majina machache bado yanakumbuka. Mwanamke anayeuza viazi vitamu sokoni na kuita "mbatata, mbatata!" anatamka neno la Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, waliosema "batata". Watu wenyewe waliangamizwa kwa magonjwa na kazi za kulazimishwa, lakini neno lao linaitwa kila siku Dowa na Lilongwe.

Dunia nzima ilibadilika hivyo hivyo. Waitaliano hawakuwa na nyanya ya kuweka kwenye tambi zao. Wahindi walitia ukali kwa pilipili manga na tangawizi kabla ya kuipata pilipili hii nyekundu. Wakorea hawakuwa na kimchi nyekundu. Leo ukienda Lilongwe ukanunua chipsi za pale barabarani, zile zinazokaangwa kwenye chiwaya, ukatia kabichi, nyanya na tone la Nali, unakula Andes na Mexico kwenye kipande kimoja cha plastiki.

Mpaka hapo ni hadithi ya kufurahisha. Lakini tulipoendelea kusoma tulikuta sehemu ambayo watu hawaisimulii, na inatuhusu sisi wakimbizi moja kwa moja.

Mbegu ni nyepesi kubeba. Unatia mfukoni, unavuka bahari. Namna ya kuila si nyepesi hivyo. Watu wa Mexico hawakula mahindi peke yake. Shambani waliyapanda pamoja na maharage na boga: mahindi yanasimama, maharage yanapanda juu ya bua, boga linatambaa chini na kufunika udongo usikauke. Vitu hivyo vitatu walivila pamoja pia. Halafu kabla ya kusaga, waliyachemsha mahindi kwenye maji yenye chokaa au majivu, wakayaacha usiku mzima, wakayaosha. Mtu asiyejua angesema wanapoteza muda tu. Ukweli ni kwamba mahindi yana vitamini B3, yaani niasini, lakini imefungwa ndani ya punje na mwili hauwezi kuichukua. Chokaa na majivu huifungua. Wao hawakujua neno niasini, ila walijua kwamba mahindi hupikwa hivyo, na mama alimfundisha binti.

Mahindi yalipovuka bahari, maarifa hayo yalibaki nyuma. Huko Ulaya, matajiri waliyala kidogo na nyama na maziwa, hawakudhurika. Maskini waliyala asubuhi, mchana na jioni. Mwaka 1735 daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu kwa wakulima maskini: ngozi inaungua na kuchubuka pale inapopigwa na jua, shingoni inakuwa kama mkufu. Baadaye huja kuhara, kisha akili kuchanganyikiwa, na mwisho kifo. Waitaliano waliuita pelagra. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba, na wengi walidhani ni wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger ndiye aliyeonyesha kwamba shida ni chakula. Watu walikula mahindi kila siku bila kitu cha maana pembeni.

Sasa tuje hapa hapa Malawi. Kabla ya Dzaleka kufunguliwa mwaka 1994 kwa ajili yetu sisi wa Maziwa Makuu, nchi hii ilikuwa imewapokea Wamsumbiji waliokimbia vita, karibu milioni 1. Waliishi kwa mgao: unga wa mahindi, maharage kidogo, mafuta, na karanga. Karanga ndiyo iliyokuwa inawapa ile niasini. Halafu karanga zikakatika. Unga uliendelea kuja, kilo zilihesabika vizuri, watu walishiba. Na mwaka 1990, kati ya Februari na Oktoba, zaidi ya wakimbizi 17,000 waliugua pelagra.

Soma tena hiyo namba. Ugonjwa wa Casal, wa miaka zaidi ya 250 nyuma, ulirudi ndani ya kambi zenye madaktari, magari na ofisi, kwa sababu kitu kimoja kidogo kilitoka kwenye mgao. Hawakuwa na njaa ya tumbo.

Watafiti waliochunguza waliuliza swali zuri: nani hakuugua? Wakakuta watu wa aina tatu walikuwa na kinga kubwa. Wa kwanza ni wale waliokula karanga. Wa pili ni wale waliokuwa na kabustani kao. Wa tatu ni wale waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani badala ya kula unga mweupe uliokobolewa. Na wanawake waliugua mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Muhogo una habari inayofanana. Muhogo mchungu una sumu, na watu wa Amazoni walikuwa na njia zao za kuukuna, kuukamua na kuukausha mpaka sumu itoke. Mama zetu wa Kongo wana yao: kuuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kuuanika, ndipo kuutwanga. Tulipokuwa watoto tuliona ni kazi ya kuchosha, na ule mwaloweko unanuka. Lakini mahali ambapo vita au njaa vimewafanya watu waruke siku za kuloweka, na hakuna samaki wala maharage ya kulia, umeonekana ugonjwa unaoitwa konzo, unaopooza miguu ghafla na hautibiki. Jina lenyewe ni la Kongo. Madaktari waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kwa watu wa Kwango. Kwa hiyo mama anayekuambia "ngoja, haujaiva majini" anajua anachokisema. Na ni muhogo huo huo ulioziokoa familia zetu nyingi, maana unakaa ardhini, hauibiwi wala hauchomwi moto kama ghala la nafaka. Mtu anakimbia, anarudi baada ya miezi, anachimba, anakula.

Jambo jingine lililosafiri taratibu ni adui. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walionekana Afrika Magharibi, na kufumba na kufumbua walikuwa wamefika Malawi, ambako wakulima wanawaita ntchembere zandonda. Mahindi yalikuwa yamekaa huku miaka mia kadhaa bila adui huyo, hakuna mbinu ya wazee ya kumkabili. Upande wa muhogo ilitokea hivyo miaka ya 1970, mdudu mweupe kutoka Amerika ya Kusini alipoingia Kongo, wakati huo Zaire, akaanza kumaliza mashamba. Safari hiyo wataalamu walirudi alikotoka, wakamkuta Paraguay nyigu mdogo anayemla mdudu huyo, wakamleta Afrika na kumwachia mashambani. Muhogo ukapona. Aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ukifuata kitu kwao utamkuta na anayekizuia.

Na kuna hatari ya kuegemea zao moja. Wairishi maskini walikuwa wamefika mahali wanaishi kwa viazi peke yake. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, watu wapata milioni 1 walikufa na zaidi ya milioni wakahama nchi, wengi kwenda Marekani. Wale pia walikuwa wakimbizi wa sahani. Malawi wanasema "chimanga ndi moyo", mahindi ni uhai, na tumeona uhai huo unavyotetereka mvua zikigoma. Machi 2024 Rais Chakwera alitangaza hali ya maafa kwa ukame katika wilaya 23 kati ya 28. Sisi hapa kambini tuliisikia sokoni siku hizo hizo, kwenye bei ya unga.

Kwa nini tunawaandikia haya yote? Kwa sababu msaada wa chakula kwa wengi wetu siku hizi huja kama pesa, na pesa hiyo imepunguzwa mara kadhaa. Tunaopita nyumba kwa nyumba tunajua kinachofanyika inapopungua. Hakuna anayepunguza unga. Kinachotoka kwanza ni kile cha pembeni: maharage, karanga, ndagala, mafuta. Familia inabaki na ugali na majani kidogo yenye chumvi, siku baada ya siku. Mtoto analala akiwa ameshiba, na mzazi anashukuru. Hatusemi kwamba pelagra ipo Dzaleka leo. Tunasema kwamba njia iliyowafikisha Wamsumbiji pale mwaka 1990 ilianza hivyo hivyo, kwa kitu cha pembeni kukatika huku unga ukiendelea.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja. Mkikaa kupiga hesabu, msihesabu kilo za mahindi na idadi ya vichwa tu. Ulizeni pia: atayala na nini? Ikibidi kupunguza, msiiache familia peke yake iamue kitakachotoka, maana tumbo litachagua unga kila mara. Mfuko mdogo wa maharage au karanga unaweza kuwa na maana kuliko kilo za ziada za unga. Mnaujua uji wa likuni phala, uliochukua jina la Likuni pale Lilongwe: ni mahindi na soya pamoja. Wazo hilo hilo lihitaji kufika kwenye sahani ya mtu mzima, hasa mama, kwa kuwa yeye ndiye anayekula mwisho.

Kwa vijana wenzetu tuna maneno matatu.

La kwanza, tuache kucheka mgaiwa. Hapa mtu akionekana anakula unga usiokobolewa watu wanamwona amefilisika, na kila mtu anataka ufa woyera unaong'aa kama chokaa. Kwenye chigayo mwambieni asage mahindi mazima. Unapata unga mwingi zaidi kwa pesa ile ile, na zile vitamini zilizoko kwenye ganda na kiini haziishii kwa kuku wa mtu mwingine.

La pili, tujifunze kwa wenyeji. Nenda vijiji vya Dowa msimu wa mvua, angalia shamba la mkulima wa kawaida. Katikati ya mahindi amepanda maboga, na maharage au karanga. Ni shamba la Mexico kabisa, na hakuna Mmexico aliyewahi kufika hapo. Wakulima wamelipata wenyewe kwa kuangalia udongo na mvua. Jikoni pia: majani ya boga, nkhwani, wanayapika na nsinjiro, unga wa karanga zilizotwangwa, na kulia nsima. Mahindi, boga na karanga vimekutana tena chunguni, mbali na kwao. Sisi tunaopenda kusema mboga za hapa hazina ladha, tumkalie jirani mama wa Kimalawi siku moja tuone anavyofanya. Naye tumwonyeshe sombe. Majani ya muhogo anayo hapo hapo shambani, na wengi hawayatumii kama tunavyoyatumia sisi, kutwanga na kupika muda mrefu mpaka yaive vizuri.

La tatu, bustani. Tunajua mtatuambia ardhi haipo, na ni kweli. Kambi hii ilipangiwa watu kama 10,000 au 12,000, leo tumepita 50,000, nyumba imegusana na nyumba. Lakini boga linahitaji shimo moja na pa kutambaa, na paa la choo linatosha. Gunia la udongo mlangoni linaotesha lengalenga na nyanya, maji ya kuoshea vyombo yanalitosha kulinyweshea. Wamsumbiji wenye bustani hawakuwa na mashamba makubwa. Walikuwa na kitu cha kuongezea kwenye unga.

Ule ubishi wa chakula cha nani, sisi kwa upande wetu tumeupa jibu. Muhogo ni wa Wakongomani kwa sababu mama zao walijifunza kuutoa sumu. Maharage ni ya Warundi kwa sababu wameyapanda na kuyachagua aina kwa aina kwa vizazi. Nkhwani wa nsinjiro ni wa Wamalawi kwa sababu wao ndio walioona kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Chakula kinakuwa chenu siku mnapojua namna ya kukila kisiwadhuru, na mkamfundisha mwingine.

Jumamosi ijayo, kama kawaida, tutakuwa na mapishi ya mfano kwa akina mama na kwa yeyote anayetaka. Wavulana pia mnakaribishwa, msione haya. Safari hii chungu ni mgaiwa, nkhwani na karanga. Anayeweza aje na kiganja kimoja cha karanga zake, na mwenye mbegu za boga azibebe kwenye karatasi tugawane.